Mpilipili Ndani ya Nyumba: Kuuvusha Mmea wa Joto Katika Majira ya Baridi

Mpilipili ni mmea wa kudumu. Katika viwanja vya nyumba vya Unguja, Tanga au Kisangani, mche mmoja wa pilipili kichaa huweza kukaa miaka kadhaa nyuma ya jiko, shina lake likakomaa na kuwa gumu, ukazaa, ukapunguza uzazi wakati wa kiangazi, kisha mvua zinyeshapo ukachipua na kuzaa tena bila ya mtu kuupanda upya. Mmea huohuo ukipandwa Stockholm, Toronto au Minneapolis huchukuliwa na watunza bustani walio wengi kuwa zao la msimu mmoja, linalooteshwa mwanzoni mwa mwaka na kung'olewa mwaka haujaisha. Kinacholeta tofauti hiyo ni jalidi, yaani unyevu unaoganda kuwa barafu pale joto la usiku linaposhuka hadi sifuri. Maji yaliyomo katika majani na matawi mororo yakiganda, utando wa chembehai huchanika, na jua linapochomoza mmea huonekana umelegea na kuanza kuwa mweusi, hali ambayo haina tiba. Mtu anayeuepusha mpilipili na usiku wa namna hiyo, na akafahamu mmea unahitaji nini wakati mwanga ni haba, huuwezesha kuishi umri wake wa asili hata katika nchi ambako theluji hukaa miezi mingi.

Jambo hili lina maana ya pekee kwa familia zilizotoka Afrika Mashariki na Kongo na kuhamia Ulaya ya kaskazini au Amerika ya Kaskazini, kwa kuwa pilipili waliyoizoea mezani, hasa pilipili mbuzi yenye harufu nzito na umbo la kujikunja, ni miongoni mwa zile zinazochelewa sana kukomaa. Wataalamu wa mimea huziweka pilipili zote za kuwasha, pamoja na pilipili hoho isiyowasha, katika jenasi iitwayo Capsicum, yaani kundi la mimea yenye undugu wa karibu, na jenasi hiyo imo katika familia moja na nyanya, bilinganya, kiazi mviringo na tumbaku. (Pilipili manga haimo humo kabisa, ni tunda la mmea mwingine utambaao, wenye asili ya India.) Asili ya Capsicum ni Amerika, ambako wenyeji waliilima kwa maelfu ya miaka kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, na ni baada ya safari hiyo ndipo mabaharia wa Ulaya, Wareno hasa, walipoieneza katika pwani za Afrika na Asia.

Spishi zilizofugwa na binadamu ni tano, na tabia zao hazilingani. Capsicum annuum, ambayo ndani yake mna hoho na pilipili nyingi ndefu, hukua haraka kuliko nyingine, na kwa sababu hiyo faida ya kuuvusha mche wake ni ndogo ingawa inawezekana. Capsicum chinense, ambayo ndiyo spishi ya pilipili mbuzi, huhitaji kati ya majuma mawili na manne ili mbegu zake ziote, hata zikiwekwa mahali penye joto la kutosha, na baada ya mche kuhamishiwa bustanini hupita miezi mitatu au minne kabla ya tunda la kwanza kuiva. Capsicum frutescens, ambamo pilipili kichaa huwekwa mara nyingi, haiko mbali na hiyo. Ya nne, Capsicum baccatum, hulimwa zaidi Amerika ya Kusini. Ya tano ni Capsicum pubescens, rokoto ya milima ya Andes, yenye mbegu nyeusi, maua ya zambarau na majani yenye vinyweleo. Hii huvumilia ubaridi kuliko nduguze, japokuwa jalidi huiua nayo, na kwa mtunzaji anayeanza ndiyo mwalimu mpole kuliko zote.

Hesabu ya miezi ndiyo inayoeleza kwa nini watu hujisumbua. Katika miji mingi ya kaskazini, muda uliopo kati ya jalidi ya mwisho ya majira ya kuchipua na jalidi ya kwanza ya majira ya kupukutika kwa majani ni takriban miezi mitano, na sehemu ya muda huo ina usiku wa ubaridi ambao mpilipili haukui. Mche wa pilipili mbuzi uliotoka kwenye mbegu mwaka huohuo hufika Septemba ukiwa umejaa matunda mabichi ya kijani, ambayo jalidi huyakuta hayajaiva. Mche wa mwaka wa pili una mizizi na shina lililokomaa tangu siku ya kwanza. Hautumii majuma yake ya joto kujenga mwili, bali huchipua, hutoa maua na kuzaa mapema zaidi, na ndipo mtunzaji hupata matunda mekundu au ya manjano wakati jirani yake bado anayatazama ya kijani.

Wazo la kuhifadhi mimea ya joto ndani ya nyumba si jipya. Huko Versailles, nchini Ufaransa, jumba la kuhifadhia michungwa lililosanifiwa na Jules Hardouin-Mansart lilijengwa kati ya mwaka 1684 na 1686, na hadi leo miti iliyopandwa katika masanduku huingizwa humo mwezi Oktoba na kutolewa nje mwezi Mei. Kanuni iliyotumika katika jumba la mfalme ndiyo inayofaa katika chumba cha ghorofa ya tatu: mmea huingizwa kabla haujaumia, hukaa mahali penye ubaridi wa wastani usiogandisha, na hautakiwi kuzaa wala kukua sana mpaka jua lirudi.

Kabla ya jalidi upo ubaridi mwingine ambao hauonekani kwa macho na ambao wengi huupuuza. Mpilipili hustawi joto likiwa kati ya nyuzi 20 na 30 za sentigredi. Likishuka chini ya 15 ukuaji hupungua sana na maua huanguka, na likikaa chini ya 10 kwa siku nyingi mizizi hushindwa kunyonya maji na majani hudhoofika, ijapokuwa hakuna kilichoganda. Kwa hiyo wakati mwafaka wa kuuingiza mmea ndani ni pale usiku unapoanza kuwa wa nyuzi 12 au 10, wala si busara kungoja tangazo la jalidi. Mmea ulioingizwa ukiwa na afya una akiba ya chakula katika shina na mizizi, na akiba hiyo ndiyo itakayotumika miezi yote ijayo.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima, nalo ni mwanga. Mmea hujitengenezea chakula kwa njia iitwayo usanisinuru, ambapo majani hutumia nguvu ya mwanga kuunganisha maji na hewa ya kaboni dayoksaidi na kupata sukari. Lakini mchana na usiku chembehai zake hupumua, maana yake huiunguza sukari hiyo ili kuendesha uhai. Kadiri chumba kinavyokuwa na joto ndivyo upumuaji unavyokwenda kasi na ndivyo sukari inavyotumika zaidi. Katikati ya Desemba, mchana wa Stockholm ni wa takriban saa 6, wa London haufiki saa 8, na wa Minneapolis haufiki saa 9, na juu ya ufupi huo jua hupita chini karibu na upeo wa macho, mara nyingi nyuma ya mawingu, kisha kioo cha dirisha na umbali kutoka dirishani hupunguza mwanga zaidi. Jicho la mwanadamu hujirekebisha na kuona chumba kinang'aa, lakini jani haliwezi kudanganyika namna hiyo. Mpilipili uliowekwa katika sebule yenye joto la nyuzi 22, mita mbili kutoka dirishani, unaishi kama nyumba isiyo na mapato ambayo matumizi yake yameongezwa. Hurefuka na kuwa mwembamba ukiufuata mwanga, hutoa majani ya kijani kilichopauka, kisha huanza kuyaangusha.

Kutokana na ukweli huo zipo njia mbili tu zenye mantiki, na kosa la wengi ni kusimama katikati yake. Njia ya kwanza ni kuupumzisha mmea, yaani kupunguza joto, mwanga, maji na chakula kwa pamoja ili matumizi yashuke hadi kiwango ambacho akiba inakimudu. Njia ya pili ni kuuweka macho, yaani kuupa joto la sebule pamoja na mwanga wa taa wa kutosha ili uendelee kukua. Kuuweka mmea mahali penye joto bila mwanga, au kuumwagilia na kuutilia mbolea wakati umelala, ni kuuchosha kwa huruma isiyo na elimu, na mipilipili mingi inayokufa ndani ya nyumba hufa kwa sababu hiyo kuliko kwa baridi yenyewe.

Njia ya kupumzisha ndiyo nafuu na, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ndiyo inayofaa zaidi kwa familia isiyo na nafasi kubwa. Kwanza huchaguliwa mche ulio bora, kwa maana mmea mgonjwa hauponi gizani. Mche wenye majani yenye madoa ya kijani na manjano yaliyochanganyika, au yaliyokunjamana pasipo wadudu, huenda una virusi, na virusi vya mimea havina dawa. Kuuhifadhi ni kuhifadhi ugonjwa na kuupeleka kwa mingine mwakani. Baadhi ya virusi hivyo, kikiwamo kile cha batobato la tumbaku, huambukizwa kwa utomvu unaobaki mikononi au kwenye mkasi, hivyo mvutaji wa sigara hupaswa kunawa kwa sabuni kabla ya kuugusa mpilipili, na mkasi husafishwa kabla ya kutumika kwenye mche mwingine.

Baada ya matunda yote kuvunwa, hata yaliyo mabichi, mmea hukatwa. Mpilipili una umbile linalorahisisha kazi hii, kwa kuwa shina lake hupanda moja kwa moja na kisha kugawanyika mara mbili pale ua la kwanza lilipotokea, na kila tawi hugawanyika tena juu yake. Matawi hukatwa juu kidogo ya mgawanyiko huo, kiasi kwamba hubaki shina na visiki viwili au vinne vifupi, urefu wote ukiwa sentimita 15 hadi 25. Mkato hupita juu ya kifundo, yaani mahali jani lilipoota, kwa sababu katika pembe ya kila kifundo mna jicho dogo, mara nyingine lisilozidi kichwa cha pini, na macho hayo ndiyo yatakayotoa matawi ya mwaka ujao. Anayeona mmea wake uliokuwa kichaka umebaki kijiti huingiwa na shaka, lakini majani yaliyokatwa yangeanguka yenyewe, na kabla ya kuanguka yangekuwa makazi ya wadudu.

Mizizi nayo hushughulikiwa. Mche uliokuwa ardhini au katika ndoo kubwa huchimbuliwa, udongo wa zamani ukatikiswa au kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu, theluthi moja hivi ya mizizi ya pembeni ikapunguzwa, kisha mche ukapandwa katika chungu kidogo chenye matundu chini na udongo mpya mwepesi unaopitisha maji. Kazi hiyo huondoa mayai na viluwiluwi vya wadudu waliomo udongoni, na chungu kidogo hukauka upesi. Baada ya hapo chungu huwekwa mahali penye nyuzi 10 hadi 15 na mwanga mdogo, kama vile chumba cha chini ya ardhi chenye kidirisha, gereji isiyoganda, au ngazi za jengo zisizopashwa joto.

Maji ndiyo mtihani mkubwa kuliko yote. Mizizi hupumua kama ilivyo kwa sehemu nyingine za mmea, na hewa yake huipata katika nafasi zilizo kati ya chembe za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji kwa muda mrefu mizizi hukosa oksijeni, hufa, na vimelea vya uozo huingia. Mmea usio na majani karibu haunywi chochote, kwa maana majani ndiyo yanayovuta maji kwa kuyatoa hewani kama mvuke, na kwa sababu hiyo kiasi kilichofaa mwezi Julai kinaua mwezi Januari. Mtunzaji hutia kidole udongoni hadi pingili ya pili, na ikiwa huko chini bado pana unyevu hamwagi kitu. Wengine hukizoea chungu kwa uzito, wakikiinua kikiwa kikavu na kikiwa kimelowa hata mkono ukajua tofauti. Katika hali ya kupumzika, maji kidogo kila baada ya majuma mawili hadi manne hutosha, na mbolea haitiwi kabisa.

Kwa wanaochagua njia ya pili, taa za LED zimefanya iwe nafuu kuliko zamani. Taa ya mwanga mweupe ya wati 30, ikining'inizwa sentimita 20 hadi 30 juu ya mche na kuwashwa saa 14 kwa siku, hutumia uniti 0.42 za umeme kila siku, ambazo ni takriban uniti 13 kwa mwezi, na hutosha mche mmoja au miwili iliyokatwa ikawa midogo. Mche ulio chini ya taa huendelea kunywa maji, hupewa mbolea hafifu, na waweza hata kuchanua. Maua yake hujichavusha yenyewe, ila kwa kuwa ndani hamna upepo wala nyuki, kuyatikisa kidogo kwa kidole wakati wa mchana husaidia chavua kuanguka.

Njia hii ya pili ndiyo inayoalika wadudu. Nje ya nyumba vidukari huliwa na wadudu wengine na kuoshwa na mvua. Ndani hakuna mlaji wala mvua, na jike la kidukari huzaa watoto hai pasipo kuhitaji dume, nao huanza kuzaa baada ya siku chache tu, hata vidukari watatu waliojificha chini ya jani mwezi Novemba wakawa kundi mwezi Desemba. Dalili yao ya kwanza mara nyingi si wao wenyewe, bali ni utando wa kunata unaong'aa juu ya jani la chini yao, ambao ni sukari wanayoitoa, pamoja na magamba meupe wanayoyavua. Utitiri, ambao ni wadogo kiasi cha kuhitaji lenzi, hupenda hewa kavu inayoletwa na mitambo ya kupasha joto nyumba, na huacha vidoa vyeupe visivyo na idadi juu ya jani na nyuzi nyembamba katika pembe za matawi. Kinga iliyo bora ni kugeuza kila jani na kulitazama upande wa chini kila juma, kuuweka mmea mpya mbali na mingine kwa siku kadhaa, na kuuosha kwa maji chini ya bomba punde wadudu wanapoonekana. Sabuni maalumu ya kuulia wadudu wa mimea hufaa ikipulizwa pande zote za jani na kurudiwa, kwa sababu humuua tu mdudu iliyemgusa. Sabuni kali za kuoshea vyombo huunguza majani.

Ifikapo Februari, mche uliopumzishwa huonekana kijiti kikavu, na wapo wanaoutupa ukiwa hai. Kipimo chake ni rahisi: hukwanguliwa ganda la shina kwa ukucha, mahali padogo pasipozidi punje ya mchele, na kilicho chini yake hutazamwa. Kikiwa kibichi chenye rangi ya kijani, tawi hilo linaishi. Kikiwa kikavu cha kahawia, limekufa, na mtunzaji hushuka sentimita chache akakwangua tena, akakata mpaka afike penye kijani. Mara nyingi ncha zote huwa zimekufa na shina la chini likawa zima, na hilo latosha. Pale tu kahawia inapofika hadi kwenye udongo, na mizizi ikawa laini na inanuka, ndipo mche unapoweza kuhesabiwa umekufa.

Majuma sita au nane kabla ya jalidi ya mwisho mche huamshwa kwa kuhamishiwa mahali penye joto na mwanga mwingi, dirisha linaloelekea kusini kwa nchi za kaskazini au chini ya taa, ukamwagiliwa zaidi kidogo, na macho yanapofumuka ukaanza kupewa mbolea hafifu. Majani yaliyoota ndani hayajawahi kukutana na jua kamili wala upepo. Yakitolewa nje ghafla hubabuka na kuwa na mabaka meupe, kwa hiyo mche huzoeshwa kwa siku 7 hadi 14, saa moja au mbili kivulini siku ya kwanza, kisha muda ukaongezwa na kivuli kikapunguzwa, nao hurudishwa ndani kila usiku ulio chini ya nyuzi 10. Mpilipili unaotunzwa hivi waweza kurudia mzunguko huo miaka kadhaa, shina likinenepa kila mwaka, mpaka uzazi wake upungue na mtunzaji aone ni vyema kuotesha mbegu zake mwenyewe.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu ambazo elimu hii inahusika, ijapokuwa kwa namna nyepesi zaidi. Katika nyanda za juu za Makete na Kitulo, kusini mwa Tanzania, jalidi huanguka katika usiku wa miezi ya Juni hadi Agosti, lakini mchana wa huko, hata ukiwa mfupi kuliko wote wa mwaka, huzidi saa 11, na jua huwa kali. Tatizo la mwanga linalowasumbua watu wa Stockholm halipo. Lililopo ni saa chache za kabla ya alfajiri. Mpilipili uliopandwa katika ndoo, ukaingizwa ndani jioni na kutolewa asubuhi jalidi ikiisha kuyeyuka, hauhitaji kukatwa, taa wala kupumzishwa ili ufike Septemba ukiwa na majani yake.